Pakiti Moja Iliyopungua

Sura ya Sita

"Sina," Tu alisema kabla hajaulizwa.

Inspekta Yen Shu-chuan alikuwa ameingiza mguu mmoja tu dukani. Hili lilikuwa duka la nne tangu asubuhi katika jengo lile la kompyuta nyuma ya stesheni ya Taichung, na kote alikopita neno la kwanza lilikuwa hilohilo.

"Sijasema nataka nini."

"Mwaka huu kila anayepanda ngazi hizi anataka kitu kimoja, dada mkubwa. Kadi ya michoro. Mtoto anataka kucheza gemu, shemeji anataka kuchimba sarafu za mtandaoni, na wewe unataka watu wanyamaze nyumbani. Sina." Tu, bonge la mtu mwenye shati la maua, aliteremsha sauti. "Ila ukichukua kompyuta nzima, na kioo chake, na kiti hiki cha kuchezea, na taa hii inayobadilika rangi, naweza nikakumbuka nilipoweka moja."

Yen aliweka kitambulisho cha polisi juu ya kaunta.

Tu alikitazama kwa huzuni. "Kiti si lazima," alisema.

"Kadi zako sizitaki. Tazama hii." Akamwonyesha picha kwenye simu: trei nyeusi iliyopangwa vipande vidogo vinavyong'aa, kimoja kimoja ndani ya kijumba chake. "Kuna mtu amekuletea hizi tangu Jumamosi? Au umesikia mtu anazitembeza?"

Tu aliinama, akatazama, kisha akacheka hadi meza ikatikisika. "Hizi si kadi. Hizi ni chipu tupu. Nizifanyie nini, nizikaange? Chipu hii ili iwe kadi inataka laini nzima ya mashine, inataka tanuri la kuishikiza, inataka watu waliosomea. Aliyeziiba akazileta kwangu ameiba unga na nyumbani hana jiko."

"Na mwenye jiko?"

"Mwenye jiko atazinunua huku amefumba macho, tena atakushukuru. Viwanda vina njaa, dada mkubwa. Lakini hatanunua kwa mtu wa mtaani. Atanunua kwa mwenzake, mtu anayemjua, mwenye jina." Tu alirudisha simu. "Bado hutaki kiti?"

Yen alikuwa ameshafika kwenye ngazi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyejua kukaa. Hata kituoni alisomea majalada yake wima, na wenzake walikwishaacha kumvutia kiti. Siku mbili hizi hali ilikuwa imezidi. Kila aliposimama alihisi kwamba kuna mahali pengine alipaswa kuwa.

Ndani ya gari Sajini Peng alikuwa anamalizia andazi la nyama. "Mkuu amepiga simu," alisema. "Anasema alasiri hii Lo apelekwe kwa mwendesha mashtaka, tupende tusipende. Anasema kesi imeiva, sisi ndio tunaendelea kuchochea moto."

"Imeiva kwa nani?"

"Kwake, Afande. Mimi nasema alichosema."

Kesi yenyewe, ukiieleza kwa mtu mwenye haraka, ilikuwa imeiva kweli. Mwaka ule chipu ziliadimika duniani kote. Viwanda vya kuzichonga ni vichache, kila nchi ilikuwa inazililia, na juu ya hayo mvua iligoma kisiwa kizima, mabwawa yakabaki tope lililopasuka, na Taichung nzima ikawa inakatiwa maji kwa zamu ili viwanda vikubwa visizime. Huko Wuri, pembezoni mwa mji, Bosi Chiu Cheng-hsiung, mwenye kiwanda cha kuunganisha kadi za michoro, alikuwa ameomba na kubembeleza tangu mwaka uliopita mpaka akapewa mgao wake, akaukatia bima, na mteja wake alikuwa anangoja kadi kwa bei waliyoelewana zamani. Trei za chipu ziliwasili katikati ya wiki. Mtunza stoo, Lo Tien-fu, alizipanga kwenye kabati kavu, lile la kuzuia unyevu, akafunga. Funguo zilikuwa mbili, moja ya Lo na moja ya Bosi. Jumatatu asubuhi kabati lilikuwa tupu. Kamera zote zilikuwa zimezimika tangu Ijumaa usiku kwa hitilafu ambayo hakuna aliyeweza kuieleza. Kabla ya hapo ile ya getini ilikuwa imemwonyesha Lo akitoka Ijumaa jioni na mfuko mkubwa. Alipoulizwa mfuko ulikuwa na nini, alitazama chini na kusema hakumbuki.

Mtu anayesema hakumbuki mfuko alioubeba siku tatu zilizopita hujichimbia kaburi mwenyewe. Yen alilijua hilo. Alijua pia kwamba Lo alikuwa ametunza stoo ile zaidi ya miaka ishirini, kwamba anaishi na mama yake asiyeweza kunyanyuka kitandani, na kwamba wizi wa thamani ile ungemweka gerezani mpaka mama huyo azikwe na watu wengine.

"Nionyeshe tena ile ya getini," alisema.

Peng alijifuta vidole, akaiweka video. Lo, mtu mfupi mwenye kofia ya kiwanda, akatokea na mfuko wake. Hatua chache, akauhamishia mkono wa kushoto. Hatua chache tena, akaurudisha wa kulia. Alipofika getini aliuweka chini kwa mikono miwili, akapumua, akafungua geti.

"Jana uliinua trei ya chipu mbovu zilizobaki pale kiwandani," Yen alisema. "Ilikuwa nzito?"

"Trei? Niliinua kwa vidole viwili."

"Na zote zilizopotea, ukiziweka pamoja?"

Peng alifikiri. "Kama mikate ya familia kubwa. Mke wangu angezibeba huku anaongea na simu."

"Huyu amebeba kitu kinachomkata mabega. Tazama anavyoinama. Na tazama pale alipouweka." Yen aligusa kioo. Mfuko ulipoinuliwa, saruji ya getini ilibaki na doa jeusi, la mviringo. "Mtaa wa kina Lo, Ijumaa ilikuwa zamu yao ya kukatiwa?"

"Ijumaa na Jumamosi." Peng akajipiga paja. "Maji! Ameiba maji ya kiwanda!"

"Kuna tangazo kubwa ukutani pale, umeliona. Atakayechota maji ya tenki la kiwanda anafukuzwa kazi. Ana mama wa kuosha. Mzee anaona aibu ya madumu mawili ya maji, na kwa aibu hiyo anakubali kuitwa mwizi wa chipu. Mficha uchi hazai, Peng."

"Basi tumwachie?"

"Tumwachie kwa lipi? Mkuu atasema mfuko haukuwa na chipu, sawa, lakini ufunguo alikuwa nao. Washa gari, twende Wuri."

*

Kiwandani walikuta ugomvi.

Ilikuwa siku ya kumi na sita ya mwezi mwandamo, siku ya kumtolea Mungu wa Ardhi, na hakuna kiwanda cha Wuri ambacho kingethubutu kuiruka, kiwe na chipu au kisiwe nazo. Meza ilikuwa imewekwa mbele ya mlango mkubwa: kuku mzima, mananasi, biskuti, vijiti vya udi vikifuka. Pembeni, katika pipa la bati, pesa za karatasi za mizimu zilikuwa zinaungua. Wafanyakazi walisimama makundi makundi na sare zao za bluu, hawana la kufanya. Laini ilikuwa imezimwa tangu Jumatatu, na katika ukimya ule kila mtu alikuwa anamtazama mwenzake usoni kwa wasiwasi, kama watu wanaongoja daktari atoke.

"Imepungua moja, Bosi, mimi si kipofu!" Aliyekuwa anasema hivyo alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani kichwani, Dada Hsieh, msimamizi wa laini. Mikononi alishika katoni tupu. "Miaka yote katoni inatosha kila mashine na kabati kavu. Leo mashine zimepata, kabati limekosa. Kabati lenyewe ndilo lililoibiwa! Unataka lituletee balaa gani tena?"

"Duka limetupunja," alisema Bosi Chiu. "Nitawapigia."

Waliyokuwa wanagombania ni zile pakiti za kijani za vitafunio vya mahindi. Katika kisiwa kile chote mwenye mashine huweka pakiti yake juu ya mashine ili itulie, ifanye kazi, isilete ukorofi: hospitali wanaweka, benki wanaweka, hata kituoni kwa kina Yen ilikuwepo moja juu ya kompyuta ya mapokezi. Lazima iwe ya kijani, maana taa ya kijani ndiyo taa ya salama. Haifunguliwi ikiwa kazini. Na isiachwe ikapitwa na tarehe yake, la sivyo mashine hukasirika. Pakiti za zamani za kiwanda zilikuwa zimebakiza siku chache, ndiyo maana zilikuwa zinabadilishwa leo. Zilizoshushwa zilikuwa kwenye beseni, na wafanyakazi walikuwa wanazigawana kuzila, kwa kuwa zimestaafu kwa heshima.

Bosi Chiu alimwona Yen, akamjia amenyoosha mikono yote miwili. Alikuwa mtu wa miaka sitini, mwenye viganja vya fundi na saa ya dhahabu, na macho mekundu ya kukosa usingizi. "Inspekta, mnamtendea vizuri Lo? Nawaomba. Amekosea, ndiyo, lakini ni mtu wangu. Mimi na yeye tulianza na meza moja na pasi moja ya kuchomelea nyaya."

"Tunamtendea vizuri. Bosi, samahani kwa swali la kijinga. Nasikia umeibiwa tena."

"Nini? Aa!" Alicheka kidogo. "Pakiti. Dada Hsieh anapenda makubwa."

"Polisi tunaokota hata madogo. Katoni ilikaa wapi? Inawezekana mtu amechomoa moja?"

"Haiwezekani. Ililetwa nyumbani kwangu Jumapili mchana, nikaitia kwenye buti ya gari, na buti sikuifungua mpaka leo asubuhi nilipomkabidhi Dada Hsieh mwenyewe. Ufunguo wa gari nalala nao. Hakuna mkono mwingine ulioigusa."

"Basi ni duka."

"Ni duka," alikubali Bosi Chiu.

Dada Hsieh hakuwa ameridhika. Alimsogelea Yen, akamvuta pembeni kwa kiwiko, jambo ambalo watu wachache walithubutu kulifanya. "Afande, stoo mmeifunga kwa utepe wenu. Nakuomba jambo moja tu. Niingie nitazame ile pakiti iliyo juu ya kabati, kama tarehe yake itavuta vuta hadi niende dukani. Sitagusa kingine."

"Twende wote," alisema Yen.

Peng aliondoa utepe. Stoo ilikuwa chumba kidogo, baridi, sakafu inayong'aa kwa usafi. Kabati kavu lilisimama ukutani, milango yake ya kioo wazi, rafu tupu. Juu yake palikaa pakiti ya kijani. Dada Hsieh alinyanyuka kwa ncha za vidole vya miguu, akaishusha, akashusha na miwani yake.

"Oo, bado sana," alisema kwa furaha. "Hii ina miezi mbele yake. Basi tumepona, iache hapohapo."

"Nipe," alisema Yen.

Alivaa glavu kwanza. Aliigeuza pakiti mbele na nyuma, kisha akatoka nayo hadi kwenye beseni la pakiti zilizostaafu, Peng na Dada Hsieh nyuma yake. Aliokota moja, ya pili, ya tatu. Zote zilikuwa na maandishi ya kalamu nene: jina la mashine, na chini yake maombi. *Tanuri, tulia. Mchapaji, usitume makosa. Mkaguzi, ona vizuri.* Zote zilikuwa na tarehe ileile iliyobakiza siku chache. Pakiti ya kabati haikuandikwa kitu.

"Dada, nani huandika?"

"Mimi. Naandika zote siku moja, kisha tunaziweka."

"Na ya kabati uliandika?"

"Niliandika. *Kabati, linda chetu.*" Dada Hsieh aliitazama ile pakiti isiyo na maandishi. "Hii si yangu."

"Zile mpya, za leo, hujaziandika bado?"

"Bado. Nangoja udi uishe."

Yen alikwenda kwenye mashine ya kwanza, akachukua pakiti mpya juu yake, akaziweka mbili sambamba. Tarehe ilikuwa moja. Herufi ya kundi iliyopigwa mhuri pembeni ilikuwa moja. Mpaka kasoro ya wino, mkia wa namba ya mwisho uliofifia, ilikuwa moja.

"Peng. Picha zako za jana asubuhi."

Peng alikuwa ameshazifungua. Kabati, Jumatatu, muda mfupi baada ya polisi kuitwa. Juu yake pakiti ya kijani, safi, bila neno. Akaivuta picha ikawa kubwa. Kisha akapitisha nyingine, ya sakafu, na hapo akaona haya. Chini ya kabati palikuwa na chembechembe za manjano.

"Hayo makombo," Yen alisema, "nilidhani ni yako."

"Kila mtu alidhani ni yangu, Afande! Nilisema siyo, mkacheka, mkaniambia nifagie!"

"Naomba radhi." Alisema hivyo bila kutabasamu, akaweka pakiti zote mbili ndani ya mfuko wa ushahidi. "Aliyefungua kabati aliiangusha pakiti ya zamani akaikanyaga gizani. Mwizi wa nje angeiacha palepale. Huyu aliokota alichoweza, akaenda kutafuta nyingine. Hakuweza kuliacha kabati bila kitu juu. Na nyingine aliipata karibu sana."

Dada Hsieh alikuwa amejiziba mdomo. Kwa mbali, kwenye meza ya sadaka, Bosi Chiu alikuwa ameinama na vijiti vya udi mbele ya paji la uso, akiomba.

Yen alingoja amalize. Hata polisi hamkatizi mtu mbele ya Mungu wa Ardhi.

"Bosi," alisema baadaye, "katoni ile ilikuja kwako Jumapili mchana, na mkono mwingine haukuigusa. Umesema mwenyewe. Pakiti yake moja ilikuwa juu ya kabati Jumatatu asubuhi. Iliendaje huko?"

Bosi Chiu aliutazama mfuko wa ushahidi. Alichomeka vijiti vya udi kwenye bakuli la majivu, kimoja kimoja, vizuri. "Duka linauza katoni nyingi," alisema. "Mtu yeyote anaweza kununua pakiti kama hiyo."

"Anaweza. Na katoni yako ikapungua moja siku hiyohiyo."

"Utamwambia nini mwendesha mashtaka, Inspekta? Kwamba umenikamata kwa pakiti ya vitafunio? Watakucheka mahakama nzima." Hakuwa na hasira. Alisema hivyo kwa upole kabisa, na upole huo ndio uliomtia Yen ubaridi. "Twende kituoni kwako. Muulize Lo mbele yangu. Akisema si yeye, nifungie."

*

Simu iliita wakiwa bado njiani. Peng alisikiliza, akasema ndiyo mara kadhaa, akakata. Alimtazama Bosi Chiu kwenye kioo, ametulia kiti cha nyuma, kisha akamnong'oneza Yen.

"Lo ameomba karatasi. Anataka kukiri."

Yen alikuwa amekasirika kiasi kwamba aliogopa sauti yake mwenyewe. Alijua kwamba Bosi alikuwa amesema kweli kuhusu vicheko vya mahakamani. Pakiti, makombo na doa la maji vilitosha kumwamsha mtu mwenye akili, lakini wakili mzuri angevifagia vyote kwa mkono mmoja, hasa ikiwa upande wa pili wa mizani pana kukiri kwa mshtakiwa kwa hiari yake. Lo akiweka sahihi, basi. Sahihi hiyo ingezifanya chipu ziwe zimeibiwa kweli, bima ingelipa, mteja aliyekuwa anadai kadi kwa bei ya zamani angenyamaza, na trei zenyewe zingekuwa mahali fulani kwa mwenye jiko mwingine, zimenunuliwa kwa bei mpya.

Kituoni alimwuliza askari wa mahabusu swali moja: "Nani amekuja kumwona Lo?"

"Bosi wake tu, Afande. Jana jioni. Alimletea chakula, mbavu za nguruwe, akakaa naye anamtazama anavyokula. Mtu mwema sana."

Lo Tien-fu alikuwa chumba cha mahojiano, kofia yake mapajani. Karatasi ilikuwa mbele yake imeshaandikwa, haina sahihi. Aliposikia mlango aliinuka, na alipomwona Bosi Chiu aliinama, kama afanyavyo kila asubuhi kiwandani.

"Keti, Mzee Lo," alisema Yen. Yeye mwenyewe alibaki wima. "Ule mfuko wa Ijumaa ulikuwa na maji. Madumu mawili, kwa ajili ya mama yako. Hakuna mtu atakayekufunga kwa maji."

Masikio ya Lo yaliwaka. "Hayo ya maji ni kosa langu," alisema. "Na chipu ni kosa langu. Nimeandika."

"Ulizitoaje?"

"Jumapili. Nilirudi Jumapili."

"Uliangusha nini ulipofungua kabati?"

Lo alimwangalia bila kuelewa. "Sikuangusha kitu."

"Unaona?" Yen alimgeukia Bosi. "Hata kuiba hajui." Akarudi kwa Lo, na sasa sauti yake ilishuka. "Mzee, mimi sikuulizi nani alichukua. Hilo ninalijua. Nakuuliza umeahidiwa nini."

"Sikuahidiwa kitu."

"Mtu hajitii gerezani bure."

Lo alizungusha kofia mikononi. Alikuwa mtu asiyezoea kusema mbele ya watu, na maneno yalimtoka kwa kusukumana. "Pale kuna watu themanini, Inspekta. Dada Hsieh ana watoto shuleni. Wengine ni mume na mke, wote wawili palepale. Kampuni ikikosa hela za bima, inakufa. Mimi ni mzee, sina mke. Nikikaa ndani kidogo, laini itawaka, watu watakula. Sasa wewe unataka kuniokoa mimi ili wao wafe? Nani amekutuma?" Alivuta karatasi, akachukua kalamu. "Bosi, nenda zako. Nenda ukawashe laini."

Bosi Chiu alikuwa anatazama meza.

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Yen alijua kwamba hana la kisheria la kuizuia, na kwamba akisema neno moja zaidi atamfanya Lo awe mbishi zaidi. Lakini aliona kitu ambacho Lo hakukiona kwa kuwa alikuwa ameinama: shingo ya Bosi ilikuwa imelowa jasho, katika chumba ambacho wengine walikuwa wanaona baridi.

"Muulize lini," Yen alisema.

"Lini nini?"

"Laini. Muulize itawaka lini. Unatoa miaka yako, Mzee. Haki yako kujua siku."

Lo alisita. Aliinua kichwa, hata akatabasamu kidogo, kama mtu anayeombwa kuuliza jambo la wazi. "Bosi. Itawaka lini?"

"Tulia, Tien-fu. Weka sahihi kwanza."

"Mwezi huu?"

Bosi Chiu alirekebisha saa yake ya dhahabu.

"Mwezi ujao?" Tabasamu lilikuwa bado usoni mwa Lo, lakini lilikuwa limebaki peke yake. Walifanya kazi pamoja tangu meza moja na pasi moja. Alijua bosi wake anavyonyamaza akiwa na jambo. "Bosi. Mashine ziko wapi katika mpango wako?"

"Wateja wamekwisha, Tien-fu." Bosi Chiu aliongea kama anayeongea na meza. "Mgao ule ulikuwa wa mwisho, hawanipi mwingine. Wadogo sisi hatupewi. Ningefanya nini? Mashine zimeshalipiwa. Zinakwenda Vietnam mwisho wa mwezi."

"Na watu?"

Bosi Chiu aligeuza macho ukutani.

"Jana jioni ulikuwa unajua? Ulipokuwa unanitazama ninavyokula?"

"Lakini mama yako nitamtunza," alisema Bosi Chiu haraka, na sasa ndiyo alimtazama usoni. "Hilo halibadiliki. Mama yako nitamtunza, kama tulivyokubaliana."

Peng, aliyekuwa mlangoni, alitazama kinasa sauti mezani. Taa yake ilikuwa inawaka. Bosi Chiu alifuata macho ya Peng, akaiona naye, akafumba mdomo.

Lo aliweka kalamu chini. Aliisukuma ile karatasi iliyoandikwa, polepole, mpaka ikafika upande wa Bosi wa meza. Machozi yalikuwa yanamtoka wazi, hakuyafuta.

"Inspekta," alisema, "nipe karatasi nyingine. Au andika wewe, mimi mkono haunitii."

Yen alivuta kiti, akakaa.

"Sema, Mzee."

"Andika: jana jioni Bosi wangu aliniletea chakula."